Lebo za saa kwenye mhimili wa chati

Katika Python, alama %H:%M huandika lebo ya saa kwa mfumo wa saa 24, mathalani 07:00. Mkazi wa Kidahwe, mkoani Kigoma, huuita wakati huo saa moja asubuhi. Chati ya mabasi ya Kasulu ikiandikwa «saa 7:00», ataelewa saa saba mchana. Basi litakuwa limeondoka saa sita kabla.

Usibadili data, badili lebo. Ndani ya FuncFormatter ya matplotlib, pata h kwa num2date(x).hour, kisha kokotoa (h - 6) % 12 or 12. Ongeza neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, kwa kuwa 07:00 na 19:00 zote hutoa 1.