Unavuka Likoni na gari? Lipa mapema, kisha simu mfukoni

Ukitoka kisiwani Mombasa ukielekea Ukunda au Diani, feri ya Likoni haijali haraka yako. Mkondo wenyewe ni kama nusu kilomita tu, dakika chache umevuka. Foleni ya magari ndiyo hula muda. Na hakuna kitu kinachoudhi wenzako kwenye foleni kama dereva aliyefika kwenye malipo ndipo anaanza kutafuta pesa.

Nani analipa?
Anayevuka kwa miguu halipi kitu. Wenye gari, pikipiki, tuktuk au lori ndio hulipa, na bei hutegemea aina ya chombo.

Kabla ya foleni
Angalia salio ungali nyumbani. Hakikisha linatosha nauli pamoja na ada ya muamala, maana hata shilingi tano zikipungua, malipo hayapiti. Chaji simu pia.

Wakati wa kulipa
Soma nambari ya malipo kwenye bango rasmi la kivuko, usiitoe kwa mtu aliyesimama kando ya barabara. Akija kijana akuambie, "Nitumie mimi nikulipie, utapita haraka," kataa. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Kama ni jina la mtu binafsi, simama hapo hapo. Pesa ikishatumwa na kutolewa, kuirudisha ni kazi ngumu. Ukikosea, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, usingoje kufika ng'ambo.

Ujumbe wa kuthibitisha ukiingia, usiufute mpaka ushuke upande wa pili.

Ukishapanda
Hapa tunaomba kitu kimoja: weka simu mfukoni. Septemba 2019, gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee likazama, na watu wawili wakapoteza maisha. Kwa hivyo vuta handibreki, zima injini, na usikilize wahudumu wa feri. Ujumbe wa pesa unaweza kungoja hizo dakika chache.

Na wewe unayevuka kwa miguu, feri ni ya bure lakini msongamano una wenyewe. Usifungue akaunti yako katikati ya watu. Macho ya jirani yanaweza kusoma PIN yako kabla hujamaliza kuibonyeza.

Safari njema, na utusalimie Pwani Kusini!