Hukumu za Kuutembelea Mji wa Kale wa Elimu: Oxford na Ziwa Letu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Miongoni mwa maswali yanayotufikia hapa Mwanza ni la Muislamu anayekwenda Uingereza kumzuru mtoto au ndugu, akapenda kuuona mji wa Oxford, wenye chuo kikuu kikongwe kuliko vyote katika nchi ile. Je, matembezi hayo yanajuzu? Sala yake itakuwaje? Na majengo yale, ambayo mengi yana makanisa ndani yake, ayaingie? Tutajibu kwa mukhtasari, kisha tueleze ni kitu gani hasa mtu wa kandokando ya ziwa letu anapaswa kukizingatia akifika huko.

Asili ya hukumu

Asili ya safari ni ibaha, kisha hukumu hufuata makusudio. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Al-Ankabut, aya ya 20, watu watembee katika ardhi na waangalie jinsi alivyoanzisha uumbaji. Na katika Ar-Rum, aya ya 42, watazame mwisho wa waliotangulia. Ama Hadithi ya kutofunga safari ila kwenda misikiti mitatu, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, jamhuri ya wanazuoni hawakuifahamu kuwa inakataza safari ya biashara, elimu au matembezi ya halali.

Hata hivyo, msafiri na ajipime. Asiache nyuma yake deni lililofika muda wake, wala watoto wasio na matumizi. Na ijapokuwa Maimamu wetu wa Kishafi wamesema Hija ina wasaa, haimpendezi mwenye uwezo kuiona Oxford kabla hajaiona Makka.

Sala ya mtembezi

Aliyefikia kwa mwanawe London kwa nia ya kukaa mwezi mzima ni mkaazi wa London, naye hutimiza sala. Akitoka kwenda Oxford, njia ni kiasi cha kilomita 90. Huo ni mwendo unaozidi marhala mbili kwa hesabu ya waliozikadiria kuwa kilomita 81 na ushei. Basi akishavuka majengo ya mji, anaruhusiwa kupunguza na kukusanya, hata akirejea siku ile ile. Akinuia kukaa Oxford siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa hukatika katika madhehebu yetu. Kwa Mahanafi ni siku kumi na tano.

Jambo linalowatatiza watu wa kwetu ni nyakati. Sisi tuko karibu na Ikweta. Mchana wetu ni takriban saa 12 mwaka mzima. Oxford mwezi wa Juni mchana hupita saa 16, jua huchwa baada ya saa tatu usiku, na mwangaza wa upeoni hauondoki kabisa usiku kucha. Mwezi wa Disemba mchana haufiki saa 8, na Adhuhuri na Alasiri hukaribiana sana. Mtembezi asikisie kwa saa ya Mwanza. Afuate ratiba ya misikiti ya pale, kama ule ulioko Manzil Way, karibu na barabara ya Cowley. Na aliye msafiri, kukusanya Magharibi na Isha kwa jamu takdimu kunamwondolea uzito mkubwa.

Kuingia makanisa

Takriban kila chuo cha kale cha Oxford kina kanisa lake, na Christ Church ni chuo na kanisa kuu kwa pamoja. Wanazuoni wamekhitalifiana. Mahanafi wamelichukia jambo hilo. Mashafi wamesharutisha idhini ya wenyewe, na wengi wao wakakataza palipo na picha. Mahanbali wamelegeza: Ibn Qudama katika Al-Mughni ametaja kwamba Wakristo wa Sham walimwandalia Sayyidna Umar chakula kanisani, naye akakataa kuingia, lakini akamwambia Sayyidna Ali aende na watu, naye akaingia akala. Tunaloliona sisi ni kuwa kulizunguka jengo kwa nje kunatosha. Mwenye kuingia kwa haja ya kujifunza asiingie wakati wa ibada yao, wala asishiriki lolote, wala asiwafanyie wenyewe utovu wa adabu.

La kuzingatia

Katika mji huo imo maktaba ya Bodleian, iliyofunguliwa mwaka 1602. Mwaka 1636 chuo kikuu kilianzisha kiti cha ualimu wa Kiarabu, na wa kwanza kukikalia alikuwa Edward Pococke, aliyekwisha kukaa Halab miaka kadhaa akisoma na kukusanya vitabu. Hati zake, zaidi ya 400, zilinunuliwa na maktaba hiyo baada ya kufa kwake mwaka 1691. Miongoni mwake mna nakala ya Nuzhatul Mushtaq ya Sharif Al-Idrisi, iliyoandikwa mwaka 1553. Kitabu chenyewe kilitimia mwaka 1154. Ramani zake zinauonyesha Mto Nili ukitoka katika Milima ya Mwezi na kupita katika maziwa. Mwaka 2002 maktaba ilinunua pia Kitabu cha Maajabu ya Elimu, kilichotungwa Misri katika karne ya 11 ya miladi. Ndani yake mna ramani ya Nili, na katika ramani ya bahari limo jina la Unguja.

Hapo ndipo penye mazingatio kwa mtu wa Mwanza. Tangu shuleni tulisomeshwa kwamba ziwa letu liligunduliwa na John Speke tarehe 3 Agosti 1858. Mkuu wa msafara wake, Richard Burton, aliyefukuzwa Oxford mwaka 1842, alibaki Kaze, yaani Tabora. Na aliyewapa habari za ziwa hili ni mfanyabiashara Muislamu wa hapo Kaze, Sheikh Snay bin Amir Al-Harthi. Kabla ya wote hao walikuwapo Wasukuma, Wakerewe na Wazinza, waliokuwa wakivua na kuvuka maji haya.

Lakini insafu ni wajibu. Al-Idrisi hakuliona ziwa hili. Alijenga juu ya kazi ya Batlimus wa Wayunani, na ramani zake zina makosa. Na hati zile zimesalimika kwa kuwa kuna waliozinunua, wakazitunza na kuzisoma. Kujifaharisha kwa mababu hakutufai kitu ikiwa vitabu vya masheikh wetu vinaliwa na mchwa makabatini. Kitabu hicho cha Misri kimewekwa kwenye intaneti, na mwanafunzi aliyeko Ukerewe anaweza kukisoma bila nauli, maadamu anakijua Kiarabu.

Basi maimamu na wawafundishe vijana lugha hiyo, na wazikusanye hati za wazee kabla hazijapotea. Na atakayejaaliwa kufika Oxford, arejee na hima ya kutafuta elimu, si picha za minara tu.

Wallahu a'alam.