Riwaya kwa Siku 26

Huenda unayo hadithi kichwani. Umeisimulia jioni nyingi, na watu wamekuambia, "Hiyo ungeiandika kitabu." Ukanunua daftari, ukaandika kurasa nne, ukazifuta mbili, na sasa watoto wanachora ng'ombe ndani yake. Wasema huna nafasi. Basi nisikilize nikueleze habari za mabwana wawili ambao nao hawakuwa na nafasi.

Wa kwanza ni Fyodor Dostoyevsky wa Urusi. Mwaka 1865 alikuwa amesongwa na madeni, mengine yake, mengine ya marehemu kaka yake. Mchapishaji mmoja, jina lake Stellovsky, akampa rubli 3,000 kwa mapatano magumu: sharti alete riwaya mpya kabla ya tarehe 1 Novemba 1866. Asipoileta, kwa muda wa miaka 9 mchapishaji atachapa kila atakachoandika bila kumlipa hata senti moja. Ukafika mwezi wa Oktoba 1866, na bwana yule hajaandika hata ukurasa, maana alikuwa akihangaika na riwaya nyingine iliyokuwa ikitoka kidogo kidogo katika gazeti.

Rafiki zake wakamshauri wagawane sura, kila mmoja aandike yake, kisha yeye atie jina lake. Akakataa katakata. Hakutaka kutia jina juu ya kazi ya mwingine. Ndipo alipotafutiwa mwandishi wa hati mkato, binti wa miaka 20, Anna Snitkina, naye akaanza kazi tarehe 4 Oktoba. Usiku bwana alipanga atakayosema; mchana alisema, na binti akayanasa; jioni binti akayanakili nyumbani kwa hati ya kawaida, na kesho yake akaleta kurasa zisahihishwe. Siku 26 riwaya ikaisha, nayo ndiyo ile ya mcheza kamari. Siku ya kuipeleka, Stellovsky hakuonekana mjini, na mtu wake akakataa kuipokea. Dostoyevsky akaipeleka kituo cha polisi, akapewa stakabadhi usiku ule ule. (Sisi makarani tunaipenda sana sehemu hii ya habari.)

Usiseme, "Yule alikuwa na kipaji." Alikuwa nacho, naam, lakini hata mwezi wa Septemba alikuwa nacho, na hakikumwandikia kitu. Tazama vizuri. Hadithi ile alikuwa nayo tangu mwaka 1863, alipomwandikia rafiki yake barua kutoka Roma akimweleza mcheza kamari huyo ni mtu wa namna gani. Tena kamari yenyewe aliijua, maana ilikuwa imemla fedha zake huko Ujerumani. Kwa hiyo siku 26 zilikuwa kazi ya mkono na mdomo tu. Kichwa kilikuwa kimetangulia kwa miaka mitatu.

Basi nawe usikimbilie kalamu. Unapopalilia, mikono ina kazi lakini kichwa ki huru. Huko shambani ndiko pa kuamua nani atamdhulumu nani, na mwisho wake nini. Ukishajua, andika ukurasa mmoja tu wa mpango: watu wako, vituo vya safari yao, na mahali inapokomea. Asiyejua aendako ndiye anayefuta kila mstari.

Bwana wa pili ni Anthony Trollope, Mwingereza, naye alikuwa karani. Aliingia kazi ya posta mwaka 1834, akaiacha mwaka 1867, na katika maisha yake alitunga riwaya 47. Alikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kazi yake ya kalamu ikaisha kabla ya kuvaa nguo za kula chakula cha asubuhi. Mtumishi wake alimwongezea pauni 5 kwa mwaka ili amwamshe. Nusu saa ya kwanza alisoma ya jana, ili sikio likumbuke sauti ya hadithi. Kisha aliweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Alipokuwa safarini kwa kazi ya posta aliandika kwa penseli ndani ya gari moshi, na mkewe akanakili. Tena aliweka daftari la hesabu: leo kurasa ngapi, juma hili kurasa ngapi. Siku aliyofanya uvivu ilibaki pale ikimtazama.

Kitabu cha maisha yake kilipotoka mwaka 1883, yeye akiwa amekwisha kufa, wengine walimdharau kwa kuhesabu maneno kama fundi ahesabuvyo viatu. Mimi siwaungi mkono. Viatu vilivaliwa.

Ila usiichukue hesabu yake nzima nzima. Kiswahili hufunga maneno mengi katika moja: "aliyeniandikia" ni neno moja kwetu, na Mwingereza atatumia manne au matano. Maneno 150 kwa robo saa yanatosha kabisa. Ukipata robo saa mbili kila siku, yaani maneno 300, kwa siku 100 unayo maneno 30,000, na hicho ni kitabu kizuri cha kushika mkononi.

Vyombo si vingi. Daftari la mistari, uandike upande mmoja wa karatasi ili upande wa pili upokee masahihisho. Kalamu mbili, maana moja hukauka wino usiku. Saa. Taa iliyotiwa mafuta tangu mchana. Kama nyumbani mna simu yenye kunasa sauti, simulia humo kama ulivyozoea kusimulia kando ya moto, kisha unakili. Hapo simu imekuwa Anna wako. Jina likikupotea, weka msalaba mdogo na kuendelea. Usirudi nyuma kusahihisha mpaka umefika mwisho.

Ukifika, funga daftari majuma matatu. Halafu mpe binti yako awasomee watu wa nyumbani kwa sauti, nawe ukae nyuma na kalamu. Usiwaulize kama ni nzuri. Watasema ni nzuri. Angalia tu ni wapi bibi ameanza kusinzia, utie alama pale.