Miguu na Vifundo: Yafaayo Kuulizwa Kabla ya Upasuaji

Msimu wa karafuu unapofika Pemba, haikosi kusikika habari ya mchumaji aliyeteleza mkarafuuni akatua kwa mguu mmoja. Kifundo huvimba, jamaa hukusanyika, na mashauriano huanza: akandwe, au apelekwe hospitali? Marekani wapo madaktari wanaosomea upasuaji wa mguu na kifundo pekee. Kwetu kazi hiyo hufanywa zaidi na madaktari wa mifupa. Namna yao ya kufikiri, hata hivyo, ni moja, na mtumiaji wa huduma ana haki ya kuifahamu.

Daktari mwangalifu hutafuta kwanza njia ya kutopasua. Kifundo kilichoteguka kwa kawaida hupona kwa kupumzishwa, kukandwa kwa kitu baridi, kufungwa bendeji na kuinuliwa, kisha mazoezi. Lakini ikiwa majeruhi hawezi kwenda hatua nne, au anaumia mfupa wa kifundo unapobonyezwa upande wa nyuma, apigwe picha ya eksirei. Kumkanda kwa nguvu kabla ya hapo ni hatari, kwani mfupa uliovunjika waweza kusogea.

Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda ndani naye hahitaji upasuaji mkubwa mara nyingi. Kwa njia ya Ponseti, mguu hunyooshwa taratibu kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kano ya kisigino hukatwa kidogo ikibidi, kisha mtoto huvaa viatu maalumu usiku hadi afikie takriban miaka minne. Wazazi wengi huviacha mapema, na mguu hurudi ulikotoka.

Mguu unaotutia hofu zaidi ni wa mwenye kisukari. Ugonjwa huo huua hisia za nyayo na kupunguza damu inayofika huko. Mtu hukanyaga mwiba au kipande cha kombe asijue. Kidonda hakiumi, naye huona hakina haraka. Hufika hospitali kimeanza kunuka, na hapo mazungumzo huwa ni kukata kidole au mguu. Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas amejulikana kwa miaka mingi kwa kuwafunza wahudumu wa afya kuukagua mguu mapema: kupima hisia kwa uzi mwembamba wa nailoni, kutafuta mapigo ya damu, kutazama viatu. Ukaguzi huo hauhitaji mashine; mgonjwa wa kisukari auombe angalau mara moja kwa mwaka, na nyumbani atazame nyayo zake kila siku, kwa kioo au kwa macho ya mwanawe. Asimwage unga wa vidonge vya antibiotiki juu ya kidonda. Tunayaona hayo mara nyingi mno, na unga huo hausafishi kitu.

Ukiambiwa upasuaji ni lazima, uliza: itakuwaje nikisubiri? Nani atanipasua, na amesajiliwa na baraza la taaluma yake? Wiki ngapi sitakanyaga chini? Gharama zote ni kiasi gani, pamoja na dawa na marudio? Swali la wiki lisidharauliwe. Mchumaji anayelala miezi miwili hupoteza msimu mzima, na familia inapaswa kujipanga mapema.

Dai risiti kwa kila malipo. Anayevushwa kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, achukue picha zake za eksirei na barua ya rufaa, asije akaanzishwa vipimo upya.