Matumbawe ya Kwanza katika Tangi la Kioo

Wenye karatasi mikononi, fuateni maneno kwa kidole huku mkisikiliza. Asiyeweza kusoma upesi asione haya. Jirani yake amsomee.

Leo najibu barua ya darasa moja la Kipawa. Mwenzenu mmoja huko ni fundi wa vioo. Ametengeneza tangi liingialo lita 180 za maji, yaani madebe tisa ya lita ishirini, na anataka kuliweka dukani lionekane kama kipande cha bahari. Fedha za akiba yake zote zimo humo: taa, pampu na mawe. Anauliza hivi: "Nikienda Mbudya maji yakipwa, nikavunja matumbawe mawili matatu, nianze na yapi?"

Swali ni zuri, lakini mkia wake nitaukata. Mbudya usiguse kitu. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi za bahari mwaka 1975, na mwaka 1994 ikatungwa sheria maalum ya hifadhi za bahari. Anayevunja matumbawe huko anavunja sheria pia. Tena kuna jambo la pili: tumbawe lililovunjwa kwa haraka aghalabu hufa. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana niliokota moja pwani, nikalitia katika beseni la maji ya bahari. Siku ya tatu nyumba nzima ilinuka, na mama akanitoa nje pamoja na beseni langu.

Kwa nini lilinuka? Hapo ndipo penye somo la leo. Andikeni ubaoni neno hili: MA-TU-MBA-WE. Wengi wetu hudhani tumbawe ni jiwe, maana wazee walilichoma wakapata chokaa, na nyumba za kale za pwani zilijengwa kwa mawe yake. Lakini lile jiwe ni mifupa tu. Juu yake wanaishi wanyama wadogo sana, mamia kwa maelfu, kila mmoja ana mdomo na vidole vya kukamatia chakula. Ndani ya miili yao kuna mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutumia mwanga kutengeneza chakula, na mnyama hula sehemu kubwa ya chakula hicho. Basi mpangaji humlisha mwenye nyumba!

Maji yakipata joto mno, mpangaji hufukuzwa. Tumbawe hubaki jeupe kama chokaa, na joto lisipopungua mapema, hufa kwa njaa. Mwaka 1998 jambo hilo lilitokea katika Bahari ya Hindi, na miamba mingi ya Tanzania na Kenya iliumia. Kama bahari nzima iliweza kupata joto hivyo, je, madebe tisa ya maji chini ya bati la Kipawa mwezi wa Februari? Kwa hiyo, ndugu fundi, kabla ya kununua tumbawe nunua kipima joto. Maji yakae kati ya nyuzi 24 na 27. Yakizidi, elekeza feni juu ya maji yenyewe. Feni hupoza, lakini maji hupungua, na chumvi haitoki pamoja nayo. Basi unapojaza, jaza maji baridi yaliyochujwa, yasiyo na chumvi wala dawa ya bomba. Ukijaza maji ya chumvi kila siku, baada ya juma moja utakuwa na kachumbari. Kipimo cha chumvi ni gramu 35 kwa kila lita. Na maji ya bahari usiyachote Feri wala karibu na mlango wa Mto Msimbazi. Uchafu wa mji mzima unapita huko.

Halafu ngoja. Najua neno hili halipendezi kwa mtu aliyekwisha kutumia fedha. Tangi jipya halina vijidudu vya kusafisha uchafu. Uchafu hugeuka amonia, ambayo ni sumu. Vijidudu vya kwanza huigeuza kuwa nitraiti, nayo ni sumu pia. Vya pili huigeuza nitraiti kuwa nitreti, isiyodhuru sana. Kazi hiyo huchukua majuma manne hadi sita, pengine zaidi. Ukipima ukakuta amonia na nitraiti hakuna kabisa, subiri kidogo tena, ndipo utie tumbawe moja. Nasema moja.

Lipi? Anza na matumbawe laini, yasiyo na mifupa ya mawe. La kwanza ni tumbawe la ngozi, lenye umbo la uyoga mkubwa na vidole vidogo juu. Huvumilia makosa ya mwanafunzi. La pili ni lile ambalo wafugaji wa ng'ambo huliita "mti wa Kenya". Hutawi kama mti, huangusha vitawi, na kila kitawi huota penye jiwe. Yako pia yaliyo bapa kama sahani, hayataki mwanga mwingi. Yale ya matawi ya mawe kama pembe za swala, yaache. Ni mazuri mno, lakini yanataka mwanga mkali na maji yasiyobadilika, na umeme ukikatika usiku mmoja huenda ukayakuta yamekufa.

Aina moja nakuonya. Ni ile inayofanana na vifungo vya shati vyenye rangi nyingi. Haifi upesi, lakini baadhi yake ina sumu kali sana. Usiiguse kwa mkono wenye kidonda, usijisugue jicho, na jiwe lake usilichemshe kamwe. Wako watu waliolazwa hospitali na jamaa zao kwa kuvuta mvuke wake. Penye watoto dukani, mimi nisingeiweka.

Ununue wapi? Tafuta matumbawe yaliyooteshwa, si yaliyong'olewa. Huko Jambiani, Unguja, wako watu wanaokuza matumbawe baharini kutoka vipande vidogo, kama sisi tunavyopanda muhogo kwa kijiti. Muuzaji akitaja tumbawe la mawe kutoka nchi nyingine, mwombe cheti. Mkataba wa CITES unataka kibali likivuka mpaka.

Ukilipata, lisogeze mbali na jirani zake, maana mengine huwasha kama yavuyavu na hupigana usiku. Liweke chini kwanza, mbali na taa, kisha lipandishe polepole. Na usishtuke tumbawe la ngozi likisinyaa, likajifunika utando kama nta. Wengi hulitupa siku hiyo wakidhani limekufa. Linajivua ngozi tu. Ngoja siku kadhaa, utando utaondoka na vidole vitatoka tena.