Unataka cheti cha Excel Expert? Anza na daftari la chama cha mama

FUNGUA CV yako sasa hivi, uteremke hadi pale kwenye ujuzi wa kompyuta. Umeandika kwamba unajua Excel, sivyo? Karibu kila kijana anayetafuta kazi Nairobi, Mombasa au Eldoret ameandika hivyo, na mwajiri ameisoma sentensi hiyo mara nyingi hadi haimwambii chochote. Ndiyo maana kwenye usaili mwingine unasukumiwa laptopu yenye faili ya mauzo na kuambiwa, "Tuonyeshe." Hapo ndipo jasho huanza.

Kuna mtihani unaofanya kitu hicho hicho, ila ukiupita unaondoka na cheti. Unaitwa Microsoft Office Specialist: Excel Expert, na hufanyiwa katika vituo vilivyoidhinishwa na Certiport. Sahau mambo ya KCSE. Hakuna insha hapa, wala swali la "eleza faida tano". Excel yenyewe inafunguliwa mbele yako, unapewa miradi kadhaa midogo, kila mradi na faili yake na kazi zake, na dakika 50 za kuimaliza yote. Alama ni hadi 1,000 na ya kupita ni 700. Si lazima upitie kwanza ule wa ngazi ya chini unaoitwa Associate, ingawa kama bado unasumbuliwa na kupanga majina kwa alfabeti, ngoja kwanza.

Kabla hujatoa hata shilingi, uliza kituo wanatahini toleo gani. MO-201 ni wa Excel 2019, MO-211 ni wa Microsoft 365. Tofauti si ya jina tu. Huu wa pili una fomula kama XLOOKUP, FILTER na LET ambazo Excel 2019 haina kabisa, kwa hivyo ukijifunzia kwenye kompyuta ya saiba yenye Office ya zamani utazitafuta hadi ukome. Uliza bei pia, na uliza kama bei hiyo inakuruhusu kurudia ukianguka. Vocha nyingine zina nafasi ya pili, nyingine hazina.

Sasa maandalizi. Hapa ndipo vijana wengi hupotelea, kwa sababu wanajiandaa kwa macho. Unatazama video ya saa mbili, jamaa wa YouTube anabonyeza hapa na pale, unatikisa kichwa, bando inaisha na wewe unaona umeelewa. Kesho yake fungua faili tupu, jaribu mwenyewe. Kimya. Mtihani huu unapima vidole, na vidole havijifunzi kwa kutazama. Tafuta data ambayo wewe mwenyewe una hamu ya kujua inasema nini.

Anza na taarifa yako ya M-Pesa ya miezi mitatu. Inakuja ikiwa PDF. Nakili jedwali lake na ulibandike kwenye Excel, lakini usiipandishe kwenye tovuti za bure za kugeuza PDF usizozijua, maana mle ndani mna majina na namba za watu. Ukishabandika, jumlisha safu ya pesa zilizotoka. Huenda ukapata sifuri. Usishangae: tarakimu zile zimeingia kama maandishi, na SUM huyaruka maandishi bila kukuambia. Zisafishe kwa Text to Columns au kwa fomula ya VALUE. Ukitoka hapo umejifunza kitu ambacho kozi nyingi hukipitia kwa sentensi moja, na ambacho ofisini utakutana nacho kila wiki.

Kisha iulize faili maswali. Umenunua muda wa maongezi wa pesa ngapi? SUMIFS inakubali nyota, kwa hivyo ukiandika "*Airtime*" kama sharti, inakusanya kila mstari wenye neno hilo. Ijumaa unatumia kiasi gani ukilinganisha na Jumanne? Ongeza safu ya WEEKDAY, na uwe macho: isipoambiwa vingine, Excel huihesabu Jumapili kuwa siku ya kwanza. Ukitaka Jumatatu iwe ya kwanza, weka 2 mwishoni mwa fomula. Mtahini anaweza kutaka mojawapo, na atakuwa ameisema kwenye swali.

Halafu nenda kwa mama, au shangazi, au yeyote aliye mweka hazina wa chama, umwombe daftari. Sema wanachama ni 24, kila mmoja anatoa Sh1,000 kufikia tarehe 5, na anayechelewa au kupunguza analipa faini ya Sh100. Kiasi kiko safu ya C, tarehe ya kulipa safu ya D, na siku ya mwisho umeiweka H1. Faini inakuwa:

=IF(OR(C2<1000,D2>$H$1),100,0)

Tazama kilichomo. Asiyelipa kabisa hana tarehe, na Excel huichukulia seli tupu kama sifuri, yaani tarehe ya zamani sana. Ungetumia tarehe peke yake, yule aliyehepa angeonekana amelipa mapema kuliko wote! Sharti la kiasi ndilo linalomnasa. Na zile dola mbili za $H$1 ndizo zinazozuia fomula kuteleza ukiivuta chini; bonyeza F4 zitajiandika.

Sasa paka rangi mstari mzima wa kila mwenye faini, ukitumia Conditional Formatting yenye fomula. Teua jedwali lote kuanzia mstari wa 2, kisha uandike =$E2>0, ikiwa faini ziko safu ya E. Dola iko mbele ya herufi tu, haiko mbele ya namba. Ukiweka zote mbili, jedwali zima litafuata faini ya mtu mmoja. Usipoweka yoyote, rangi zitatawanyika ovyo. Kijidola kimoja kama hiki kinaweza kukunyima alama za kazi nzima, na kukikariri hakusaidii. Kikosee mara tatu nyumbani, utakielewa.

Daftari hilo hilo litakufundisha mengine mengi. Zuia watu kuandika kiasi cha ajabu kwa Data Validation. Tengeneza PivotTable ya michango kwa mwezi na uitilie Slicer. Chora Waterfall ya pesa zilizoingia na kutoka, kisha ubofye nguzo ya mwisho na kuiambia kwamba yenyewe ni jumla, maana isipoambiwa itaielea juu ya nyingine. Na namba za simu za wanachama? Excel itakula ile sifuri ya mbele. Itafutie umbizo lako mwenyewe la tarakimu kumi.

Sehemu inayotisha wengi ni fomula zilizobebana, IF ndani ya IF. Dawa yake ni payslip. Chukua viwango vya PAYE vilivyowekwa 2023: Sh24,000 za kwanza kwa mwezi zinatozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata asilimia 25, zinazobaki asilimia 30 hadi Sh500,000, kisha unapunguziwa Sh2,400. (Juu ya Sh500,000 kuna viwango vingine, ila wewe na mimi tutavitafuta siku hiyo ikifika.) Ikiwa mshahara unaotozwa kodi uko B2:

=MAX(0,IF(B2<=24000,B2*10%,IF(B2<=32333,2400+(B2-24000)*25%,4483.25+(B2-32333)*30%))-2400)

Weka 45,000, upate 5,883.35. Sasa ondoa ile MAX na uweke 15,000. Excel itakuambia kodi ni hasi 900, yaani KRA inakudai wewe uipelekee bili. Ndoto nzuri hiyo. Ukiweza kumweleza rafiki yako kwa nini MAX iko pale, na 4483.25 imetoka wapi, sehemu hii ya mtihani haitakusumbua.

Usiifunge faili hiyo bado. Nenda kwenye What-If Analysis, uchague Goal Seek, na uulize: nikitaka kubaki na Sh50,000 baada ya PAYE, mshahara unaotozwa kodi uwe kiasi gani? Jibu litakuja karibu Sh60,548. Hiyo ni namba ya kwenda nayo kwenye mazungumzo ya mshahara, na pia ni mojawapo ya mambo yanayotahiniwa.

Mikopo nayo imo. Ukikopa Sh150,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ulipe kwa miezi 24, =PMT(18%/12,24,150000) inatoa 7,488.62 yenye alama ya kutoa mbele, kwa sababu ni pesa inayokutoka. Ukitaka kujua utamaliza lini ukilipa Sh10,000 kila mwezi, tumia =NPER(18%/12,-10000,150000), upate miezi 17 na kidogo. Ukisahau ile alama ya kutoa mbele ya 10,000, utaambiwa umalize deni kwa miezi hasi 13.6. Hata mtu wa mkopo wa simu hajawahi kukupa ofa kama hiyo. Na riba igawe kwa 12, kila mara.

Kuna zana nyingine ambazo wanafunzi huziruka kwa kuwa hazina mvuto: Trace Precedents, Watch Window, Evaluate Formula. Kazi yake ni kuonyesha fomula inakula seli zipi. Mwaka 2013, Thomas Herndon, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Massachusetts Amherst kule Marekani, alikuwa akijaribu kurudia hesabu za makala maarufu ya 2010 kuhusu madeni ya nchi, iliyoandikwa na Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff wa Harvard. Hesabu zikakataa. Alipotumiwa faili yenyewe ya Excel, aligundua kwamba fomula ya wastani ilikomea mistari mitano kabla ya mwisho. Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark zilikuwa zimeachwa nje. Hilo halikuwa tatizo pekee alilolitaja yeye na walimu wake, lakini ndilo lililofanya dunia icheke. Makala ile ilikuwa imetajwa na wanasiasa waliotaka serikali zibane matumizi. Wewe huna uchumi wa dunia mkononi, ila una michango ya akina mama 24, na ukiacha mistari mitano nje ya jumla, kuna watu watano watakaoulizwa pesa zao ziko wapi.

Simu haitakutosha kwa haya yote. Excel ya kwenye simu haina zana nyingi za mtihani, na ile ya bure ya intaneti haitakurekodia makro ya VBA, ambayo imo kwenye orodha. Unahitaji kompyuta ya Windows. Kama huna, uliza maktaba ya KNLS iliyo karibu, kituo cha Ajira Digital, au fanya mkataba na mwenye saiba akupunguzie bei saa za asubuhi wakati wateja ni wachache. Saa moja kila siku kwa wiki sita itakufaa kuliko Jumamosi nne za kukesha. Wiki mbili za mwisho, fanya majaribio ya dakika 50 ukiwa na saa mezani. GMetrix huuza mitihani ya majaribio inayofanana na wenyewe, lakini hata orodha ya kazi 25 uliyoandikiwa na rafiki inasaidia.

Halafu kuna wale wa Telegram wanaouza "maswali halisi". Achana nao. Ukinaswa, cheti kinaweza kufutwa. Hata usiponaswa, yule mwajiri mwenye laptopu bado anakungoja, naye hatakuuliza maswali ya Telegram.

Je, cheti chenyewe kinaleta kazi? Peke yake, sidhani. Mwajiri wa mhasibu atauliza CPA kwanza. Ila kwa mtu wa diploma anayegombania kazi ya karani wa data, bohari au hesabu za duka, kinamfanya aitwe, na maandalizi yake ndiyo yanamfanya abaki. Kama pesa ya mtihani haipo mwaka huu, fanya maandalizi yote vivyo hivyo, na uende kwenye usaili na lile jedwali la chama likiwa limefutwa majina ya watu.

Siku ya mtihani, soma swali neno kwa neno. Wakikuambia makro iitwe hivi, iite hivyo hivyo. Wakitaka fomula, usiandike jibu kwa mkono hata kama unalijua. Usipambe kitu ambacho hukuombwa. Kazi ikikugomea dakika mbili, itie alama ya kurudiwa na usonge. Kuna kitufe cha kuanza mradi upya. Kinafuta kila ulichofanya kwenye mradi huo, na saa hairudi nyuma.

Beba kitambulisho, na uhakikishe jina lako kwenye akaunti ya Certiport limeandikwa kama lilivyo humo, maana ndilo litakalochapishwa kwenye cheti. Matokeo yanatoka papo hapo, yakiwa na asilimia ya kila sehemu. Ukianguka, unaweza kurudi baada ya saa 24, ila usikimbie kulipa tena. Piga ripoti hiyo picha. Ukiona fomula uko asilimia 80 na grafu uko 40, unajua wiki ijayo mwenye saiba atakuona ukichora nini.