Je, Wajua? Brashi Kavu na Pwani ya Lindi

Je, wajua kuna upakaji ambao siri yake ni kuifuta rangi kabla ya kuipaka? Unachovya brashi, unaifuta kwenye kitambaa mpaka ionekane imekauka, kisha unaipitisha juujuu kwenye modeli, mara kumi, mara ishirini. Rangi inashika matuta tu, mabonde yanabaki na giza lake. Hiyo ndiyo brashi kavu.

Sogea hapa. Je, wajua mmoja wa wanyama wanaopakwa hivyo na mafundi wa modeli duniani ametoka Lindi? Ni Giraffatitan, dinosaria tunayemwita mjusi wa Tendaguru! Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na mamia ya vibarua wa kwetu, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, ikabebwa kwa miguu siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Leo kiunzi chake kimesimama Berlin, kimo chake mita 13.27. Mpunguze kwa skeli ya 1:72, anabaki sentimita 18. Unamweka kando ya kikombe chako cha kahawa!

Na rangi ya ngozi yake? Mifupa haisemi. Mpake kijivu, mpake udongo, mpake madoadoa kama kanga, hakuna wa kukusahihisha.

Je, wajua rangi yenye unene wa karatasi, milimita 0.1, kwenye modeli ya 1:72 ni sawa na kuibandika nyumba plasta ya milimita 7? Ndiyo maana rangi ya chini huzimuliwa mpaka iteleze kama maziwa.

Je, wajua plastiki mpya mara nyingi huja na mafuta ya kiwandani yasiyoonekana, na rangi huyakimbia? Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, iache ikauke. Na wewe uliyetoka kula sambusa, nawa kwanza!

Je, wajua "msasa" ulikuwa mti kabla ya kuwa karatasi ya dukani? Majani yake yanakwaruza hasa, na mafundi seremala waliyatumia kulainishia mbao. Huu wa dukani una namba: inavyopanda, ndivyo msasa unavyokuwa laini. Wa 80 unatafuna, wa 1000 unabembeleza.

Lakini usilainishe kila kitu. Brashi kavu haipendi ukuta laini, haina pa kushika. Inapenda mikwaruzo, vishimo, vinundu. Kwa ufupi, inapenda magofu ya Kilwa Kisiwani!

Je, wajua baadhi ya mawe ya Kilwa yalichongwa yakiwa mabichi? Lipo tumbawe ambalo likitoka baharini ni laini, unalikata na kulinakshi upendavyo, kisha hewa inaligeuza gumu. Na chokaa ya kuyaunganisha mawe ni tumbawe hilohilo lililochomwa. Kilo 100 za mawe safi zinatoa kilo 56 tu za chokaa. Kilo 44 zinapaa hewani. Ukishaipaka, inaivuta tena hewa ileile na kurudi kuwa jiwe.

Unataka kutengeneza ukuta huo mezani? Jasi inachimbwa Makangaga, Kilwa hiyohiyo! Ikichomwa na kusagwa inakuwa unga. Ukitia maji, baada ya dakika chache ni jiwe. Ipake kahawia iliyokolea, halafu brashi kavu ya rangi ya pembe. Msikiti Mkuu wa Kilwa unakutokea mbele ya macho.

Je, wajua mashua za zamani zilipakwa rangi mbili ambazo si rangi? Chini, panapozama majini, mafundi walipaka deheni, yaani chokaa iliyokandwa na mafuta ya mnyama. Juu walipaka sifa, mafuta ya papa, yenye harufu ya kukukosesha marafiki. Kwa hiyo modeli ya mashua ya zamani iwe nyeupe iliyofifia chini na kahawia inayong'aa juu. Harufu tunakusamehe.

Sasa nishike mkono, maana hii naipenda kuliko zote. Je, wajua karne ya 19 magari ya farasi ya Ulaya na Marekani yaling'aa kwa utomvu wa pwani yetu? Ni sandarusi, utomvu wa kale uliofukiwa ardhini, mara nyingi mahali ambapo mti wenyewe hauonekani tena. Watu waliuchimba kwa majembe, ukapita Unguja, ukafika Salem, Marekani, ukawa vanishi. Ulipooshwa vizuri ulitoa vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na mnunuzi akiviona alijua huu ndio wenyewe! Ule mchanga, usiokaa ardhini vya kutosha, wenyeji waliuita chakazi. Wafanyabiashara wa kigeni ulimi ukawashinda, chakazi ikawa "jackass", yaani punda, wakauita sandarusi ya punda.

Rangi ya maji au ya mafuta? Ya maji hukauka upesi, na kwa joto la Lindi inakaukia kwenye brashi hata hujafika kwenye modeli. Mimi niko upande wa mafuta.

Je, wajua manowari ya Wajerumani Königsberg, yenye urefu wa mita 115, ilijificha Rufiji, kaskazini ya Kilwa, ikiwa imefunikwa matawi ya miti? Ilizama tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikaendelea kupigana nchi kavu! Modeli yake ya 1:350 ni sentimita 33.

Na mizinga hiyo midogo huing'arishi kwa rangi. Ipake nyeusi, kisha chukua penseli ya mwanao, sugua ncha yake kwenye mtutu: plastiki inageuka chuma! Kinachong'aa pale ni kinywe, madini yaliyomo ardhini kule Ruangwa, mkoa huohuo wa Lindi. Ukimaliza, mrudishie mtoto penseli yake.